Amana ya Kuruta: Juu ya Picha na Vitu vya Nafsi Katika Mafunzo ya Awali ya Kijeshi

Katika mambo ambayo majeshi ya dunia, yaliyohitilafiana kwa lugha, kwa dini na kwa siasa, yamepatana juu yake pasipo kukaa baraza moja, limo hili: kwamba kijana aingiaye kambini kujifunza uaskari hutengwa kwanza na vitu alivyotoka navyo kwao, kabla hajafundishwa kusimama sawasawa wala kushika bunduki. Nguo zake, fedha zake, mapambo yake, simu yake, na aghalabu hata nywele zake, huondolewa siku ile ile ya kuwasili. Na vichache vinavyosalia mkononi mwake, kama kitabu cha dini, pete ya ndoa, karatasi za barua na picha mbili tatu za jamaa, husalia kwa idhini, si kwa haki. Wanazuoni wa mambo ya vita wameandika sana juu ya silaha, kwata na utii, lakini habari ya sanduku la kuruta wameipita kama jambo la bohari na makarani wake. Nadai katika makala haya kwamba sanduku lile lina uzito kuliko walivyolidhania, na kwamba jeshi, ingawa lina haki ya kuvizuia vitu vya kuruta kwa muda, halina haki ya kumrudishia vitu hivyo kama tuzo.

Kambi ya Parris Island, iliyoko pwani ya jimbo la South Carolina nchini Marekani, imekuwa ikiwafundisha makuruta wa Kikosi cha Marine tangu mwaka 1915, na taratibu zake za mapokezi zinajulikana sana hata kwa watu wasiopata kuvaa sare. Kijana hufikishwa kwa basi, mara nyingi usiku. Husimamishwa juu ya nyayo zilizochorwa ardhini kwa rangi ya manjano. Huruhusiwa kupiga simu moja kwao, asome maneno machache aliyoandikiwa, kwamba amefika salama, kisha akate pasipo kungoja kuulizwa hali. Mizigo hupekuliwa, vilivyokatazwa hutwaliwa, na nguo za nyumbani hutiwa katika mfuko wenye jina lake, mfuko ambao hataufungua mpaka mafunzo ya wiki 13 yamalizike. Na kwa sehemu kubwa ya muda huo, anapojitaja mbele ya wakufunzi wake, hana ruhusa ya kusema "mimi". Husema "kuruta huyu". Mtu akiyatazama mambo haya mbalimbali atayaona kuwa ni ukali wa kawaida wa askari. Akiyatazama kwa pamoja ataona kuwa yana mpango mmoja, nao ni kumwondolea mtu kila kitu ambacho kwacho alizoea kujitambua.

Aliyeueleza mpango huo kwa ufasaha kuliko wengine ni Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, ambaye alikaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya St. Elizabeths mjini Washington katika miaka ya 1955 na 1956, akatoa mwaka 1961 kitabu kiitwacho Asylums. Aliziweka katika fungu moja hospitali za namna ile, magereza, nyumba za watawa, merikebu na kambi za askari, kwa sababu zote humzungushia mtu ukuta na kuyatawala maisha yake kutwa kucha. Alionyesha kwamba mwanadamu hudumisha sura yake mbele ya wenzake kwa vyombo vidogo vidogo, kitana, nguo, kioo, na mahali pa kuviweka. Akinyang'anywa vyombo hivyo, hupungukiwa na zaidi ya mali. Sehemu hii ya maelezo yake hutajwa mara kwa mara. Sehemu ya pili, ambayo mimi naiona nzito zaidi, hutajwa kwa nadra: kwamba baada ya kuvuliwa, mtu huanza kurudishiwa vitu vile vile kidogo kidogo kama fadhila, kwa kadiri ya utii wake, hata mambo aliyokuwa akiyafanya nje pasipo kufikiri, kama kuvuta sigara au kuchagua namna ya kunywa kahawa yake, yakawa heshima ya kupiganiwa. Hapo ndipo dhuluma, kwa rai yangu, inapoanza.

Lakini insafu hutaka tukiri kwanza kwamba jeshi lina hoja. Makuruta hutoka katika nyumba zisizolingana. Mmoja huja na saa ya thamani na viatu vya ngozi, mwingine huja na shati moja. Na pasipo sare moja, kitanda cha namna moja na kasha la namna moja, dharau na husuda zingetangulia kabla ya udugu kupata mizizi. Upo na wizi, ambao katika bweni la watu hamsini wasiojuana huharibu mambo upesi kuliko adui. Na upo ulevi, na dawa, na visu. Hakuna mzazi mwenye akili atakayelaumu kambi kwa kuvizuia hivyo.

Ipo na hoja ya ndani zaidi. Mwaka 1948 wanazuoni wawili wa Marekani, Edward Shils na Morris Janowitz, walichapisha utafiti juu ya jeshi la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, wakabainisha kwamba kilichowashikamanisha askari wale, hata wakati kushindwa kulikuwa dhahiri, hakikuwa hasa itikadi ya dola yao bali ule udugu wa kikosi kidogo, wa watu waliokula pamoja na kulala pamoja na kuhifadhiana. Wakaeleza pia kwamba jamaa za askari ziliagizwa zisitaje dhiki za nyumbani katika barua zao, kwa kuwa mvuto wa nyumba ulikuwa hatari kwa mshikamano huo. Mtetezi wa ukali anaweza kuuchukua ushahidi huu na kusema: mnaona? Nyumba na kikosi hushindana juu ya moyo mmoja, na jeshi halina budi kuhakikisha kikosi kinashinda.

Naukubali ushahidi, siikubali natija. Kilichoogopwa na wakuu wale kilikuwa habari: kwamba mtoto ni mgonjwa, kwamba nyumba imepigwa bomu, kwamba chakula kimeadimika. Barua huleta wasiwasi mpya kila ifikapo. Picha haileti habari. Uso wa mama uliopigwa picha mwaka uliopita hauwezi kumwambia mwanawe kwamba homa imempata jana. Humwambia jambo ambalo alikuwa analijua tangu utotoni, nalo ni kwamba yeye ni mtoto wa mtu, na kwamba kuna nyumba ambamo jina lake hutajwa pasipo cheo wala nambari. Kumweka kijana mbali na habari za kwao kwa wiki chache kunaweza kutetewa. Kumweka mbali na ujuzi huu hakuna faida ya kivita niionayo, maana askari asiyekuwa wa mtu yeyote hawezi kufundishwa kwa urahisi kwa nini afe kwa ajili ya watu.

Kisa kilichotukia katika vita vya ndani vya Marekani huonyesha uzito wa jambo hili kuliko hoja zangu. Baada ya mapigano ya Gettysburg, mwezi wa Julai 1863, alionekana askari wa upande wa Muungano amekufa, hana kitu cha kumtambulisha ila picha ya kioo ya watoto watatu, aliyoishika mkononi. Magazeti ya siku zile hayakuwa na uwezo wa kuchapa picha yenyewe, basi yakaeleza kwa maneno sura za watoto wale na mavazi yao, na maelezo hayo yakasafiri mpaka mji mdogo wa Portville, katika jimbo la New York, kwa mwanamke aitwaye Philinda Humiston, ambaye barua za mumewe zilikuwa zimekatika tangu vita vile. Akaletewa nakala, akawatambua wanawe, na kwa kuwatambua akajua kwamba amekuwa mjane. Marehemu alikuwa Sajini Amos Humiston wa kikosi cha 154 cha New York. Jeshi lake lilikuwa limempa cheo, sare na mahali katika daftari, lakini halikuwa bado na desturi ya kuwavika askari kibati cha jina, desturi iliyoingizwa kwa amri mwaka 1906. Na siku alipolala peke yake, kilichomrudishia jina lake ni kitu ambacho mkewe alimpelekea kutoka nyumbani.

Mataifa yenyewe yameijua faida hii yalipohitaji kuijua. Uingereza, mwaka 1915, chini ya usimamizi wa jumuiya ya YMCA, wapiga picha wa kujitolea walizizungukia nyumba za askari, wakawapiga picha wake, wazee na watoto, na picha hizo zikatumwa vitani bila malipo. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba uso wa mtoto utamvunja baba yake nguvu. Ni ajabu, basi, kwamba kitu kilichohesabiwa kuwa dawa kwa askari aliye handakini kihesabiwe kuwa anasa kwa kuruta aliye bwenini.

Najua kwamba kanuni za leo hazikatazi picha waziwazi. Katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, ambalo mafunzo yake ya awali huchukua wiki 10, kuruta anaruhusiwa kuwa na picha chache zisizo na aibu. Ugumu umo katika simu ya mkononi, ambayo hufungiwa, kisha hutolewa kwa dakika chache mkufunzi apendapo, dakika ambazo huongezeka kikosi kikifanya vyema na kupungua kikikosea. Desturi hii ndiyo niipingayo kwa moyo wote. Anayezuia simu kwa sababu mafunzo hayawezi kwenda pamoja nayo ana sababu; anayeitoa Jumapili hii na kuinyima Jumapili ijayo, kwa kuwa vitanda havikutandikwa vizuri, amegeuza sauti ya mzazi kuwa mshahara. Na kwa kuwa adhabu ya kambini aghalabu huwaangukia wote kwa kosa la mmoja, mke wa mtu hunyimwa salamu za mumewe kwa sababu ya viatu vichafu vya mtu mwingine ambaye hamjui.

Watu wa pwani yetu, waliosafiri kwa jahazi wakifuata pepo za msimu, walikuwa wakiacha mali zao kwa jirani au kwa tajiri mwaminifu, na sheria ya amana hiyo ilikuwa wazi kwa kila mtu: mwekewa hukihifadhi kitu, wala hana ruhusa ya kumwambia mwenyewe, aliporudi, kwamba atapewa nusu kwa leo na nusu nyingine akionyesha adabu. Jeshi likikizuia kitu cha kuruta liwe mwekewa wa namna hiyo. Liandike stakabadhi mbele yake, litaje siku ya kurudisha, na siku hiyo ifike kwa wote, hodari na mzembe. Wapo watakaosema kwamba nidhamu pasipo tuzo haiwezekani, nami sikatai. Lakini jeshi lina tuzo zake tele, mapumziko, sifa mbele ya gwaride, cheo, likizo ya mjini, na hivyo vyote ni vyake kuvitoa na kuvizuia kwa sababu vimetoka kwake. Kilichotoka kwa mama ya kijana hakikupata kuwa mali ya kambi.

Jambo hili linatuhusu sisi nasi. Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania liliundwa mwaka 1963, na mafunzo yake ya mujibu wa sheria, yaliyosimamishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013 kwa vijana wamalizao kidato cha sita, vijana ambao wengi wao hawajapata kulala usiku mmoja mbali na shule au nyumba ya wazee wao. Tangazo la kuwaita huorodhesha vitu vya kuja navyo kwa uangalifu mkubwa: bukta ya bluu iliyokoza, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za kulalia, soksi ndefu nyeusi, na nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Kijana wa siku hizi ana picha mia kadhaa za ndugu zake, na zote zimo ndani ya simu. Karatasini hana hata moja. Kwa hiyo ruhusa ya kuwa na picha, hata ikiwapo, haimfai kitu, na siku anapotengana na simu hutengana na nyuso zote kwa mkupuo mmoja, pasipo yeyote kukusudia kumdhuru.

Orodha inayoshuka mpaka kwenye rangi ya soksi haiwezi kushindwa kuongeza mstari mmoja: picha mbili za jamaa, zilizochapwa, ndogo kiasi cha kuingia mfukoni. Gharama yake ni chini ya ile ya raba. Na afande akaguaye kasha aagizwe kwa maandishi kwamba picha hizo atazitazama mara moja tu, siku ya kuwasili, kuhakikisha kwamba hazina aibu wala siri ya nchi, kisha zibaki mikononi mwa mwenyewe mpaka mwisho wa mafunzo, na pasiwe na kosa la kambini, dogo wala kubwa, ambalo adhabu yake ni kuzitwaa.