Mtwara hadi Dar es Salaam: Umbali wa Anga na Muda wa Safari ya Ndege

Umbali wa mstari ulionyooka kati ya Kiwanja cha Ndege cha Mtwara na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 400, sawa na maili 215 za baharini. Ndege ya abiria huukamilisha kwa muda wa saa moja hivi. Kwa barabara, kupitia Lindi na Kibiti, safari hiyo ni takribani kilomita 560, na basi huchukua sehemu kubwa ya siku.

Ndege za aina ya Dash 8 Q400, zinazotumiwa na Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) katika safari za ndani, zina uwezo wa kufikia kasi ya kilomita 667 kwa saa. Anayegawanya umbali kwa kasi hiyo atapata dakika 36 tu. Hesabu hiyo hupotosha, kwa kuwa ndege haifikii kasi yake kamili inapopanda na hulazimika kuipunguza mapema inaposhuka. Aidha, muda unaotangazwa katika ratiba hujumuisha mwendo wa ardhini, na pepo za kusi au kaskazi huweza kuongeza au kupunguza dakika chache.

Kwa mwananchi wa Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma, saa hiyo moja ni sehemu tu ya safari. Huanza kwa barabara hadi kiwanjani, kilichopo kusini mwa katikati ya mji wa Mtwara, kisha husubiri ukaguzi. Mgonjwa mwenye rufaa ya kwenda Muhimbili hana budi kuhesabu pia mwendo wa kutoka kiwanjani hadi hospitali, ambao kutokana na msongamano wa Dar es Salaam si mdogo.

Jambo moja huwakosesha wengi safari: saa zilizoandikwa kwenye tiketi hufuata mfumo wa saa 24. Maandishi 07:00 ni saa 1 asubuhi, wala si saa 7 mchana.

Umuhimu wa njia ya anga kwa mikoa ya kusini si wa kifahari. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivuka Mto Rufiji kwa kivuko. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi yakakwama kwa siku kadhaa.

Kiwanja cha Mtwara kimekwisha kupanuliwa, na barabara yake ya kuruka na kutua sasa ina urefu wa mita 2,800. Urefu huo huwezesha ndege kubwa kuliko Q400 kutua. Hata hivyo, ndege kubwa haipunguzi sana muda wa safari fupi kama hii. Faida yake ni idadi ya viti.