Afande wa New York na Rivolva Yake ya Risasi Sita

Afande mstaafu wa New York aliyeingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 80 alikabidhiwa rivolva: risasi sita tu, zikiisha unajaza upya huku jambazi anakumiminia. Halafu ikaja Aprili 11, 1986, Miami. Majambazi wawili wakaua maajenti wawili wa FBI na kujeruhi watano. Hapo ndo vikosi vingi Marekani vikashtuka. New York ikaruhusu bastola za 9mm mwaka 1993, ikiwemo Glock 19 yenye magazini ya risasi 15, ila triga ikafanywa nzito makusudi, askari wasije wakafyatua hovyo. Wakongwe wengine wakagoma kabisa kubadili! Rivolva haikwami, walidai. Za mwisho ziliondolewa kazini 2018.