Wazee Walioinuliwa Kitandani



Kwetu sisi, maneno "nyumba ya wazee" huleta aibu kabla ya kuleta swali. Tumelelewa tukijua kwamba mzee ni wa watoto wake, na kwamba mama aliyelisha ukoo mzima hapaswi kungoja sahani kutoka kwa mgeni. Hata hivyo hali tunaijua. Vita vya mashariki mwa nchi yetu vimewaua watoto waliopaswa kuwazika wazazi wao. Waliokimbia vijijini wameacha nyuma wasioweza kutembea. Na, jambo linalouma kulitaja, wako bibi vizee waliofukuzwa na jamaa zao wenyewe kwa kushtakiwa uchawi. Nyumba hizo basi zipo, nyingi mikononi mwa watawa, na zitaendelea kuwapo. Linalobaki kuulizwa ni hili: ni kitu gani hufanya siku za mzee ndani yake ziwe maisha, na kitu gani huzifanya ziwe kungoja kifo tu? Historia imelijibu swali hili kwa sehemu. Tunapenda kuifuata kupitia wanawake wawili ambao hawakujuana kamwe: mtumishi wa nyumbani wa Ufaransa na daktari wa Uingereza.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi katika jimbo la Bretagne, siku zile za Mapinduzi ya Ufaransa. Baba yake alipotelea baharini Jeanne akiwa bado mtoto. Alipokua alifanya kazi jikoni mwa matajiri, kisha hospitalini, kisha tena nyumbani kwa watu. Mwishoni mwa mwaka 1839, akiwa na miaka 47, akiishi na wenzake katika vyumba vya kupanga pale Saint-Servan, alimpokea mama mzee kipofu, aliyepooza upande mmoja, jina lake Anne Chauvin. Alimpa kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Muda si mrefu akaja mzee wa pili, na mwaka 1841 wakawa kumi na wawili katika chumba kikubwa zaidi.

Habari ya kitanda kilichotolewa ndiyo inayosimuliwa daima, nayo yastahili. Lakini kwa swali letu kuna jambo jingine lenye uzito zaidi. Wengi wa mama wale walikuwa wamezoea kuomba sadaka njiani. Hata walipopata makao walitoka tena kila asubuhi, maana nyumba haikuwa na chakula cha kutosha, na wengine walijua pia njia ya kwenda kwenye kilevi. Jeanne hakuwafungia mlango. Aliwauliza majina ya watu waliozoea kuwapa, akachukua kikapu, akaenda kuomba badala yao: senti, mabaki ya mkate, nguo kuukuu. Aibu ya kuomba akaihamishia mabegani mwake. Wao, kwa upande wao, hawakuachwa wakae bure: aliyejua kusokota sufu alisokota, na aliyeweza kufua alifua. Tuzingatie namna alivyogawanya mzigo. Alimwondolea mzee lile lililomshushia heshima, akamwachia lile lililomwonyesha kwamba bado anaweza.

Yaliyofuata tutayapita upesi. Mwaka 1845 Académie française ilimpa tuzo yake ya watu wa matendo mema. Baadaye padri aliyeliongoza shirika alimweka kando, akajitwalia jina la mwanzilishi. Jeanne aliishi miaka mingi kama sista mzee asiye na cheo, katikati ya wanovisi ambao wengi wao hawakujua yeye ni nani. Alipofariki tarehe 29 Agosti 1879, Masista Wadogo wa Maskini walikuwa 2,400 katika nyumba 177. Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Masista hao wamefika hadi Brazzaville, ng'ambo ya mto wetu mkubwa, na huko Nairobi makao yao huitwa kwa Kiswahili chetu: Nyumba ya Wazee.

Basi mapendo yalikuwa yamepata njia. Lakini wazee wengi wa Ulaya hawakuishi katika nyumba za masista, bali katika majengo makubwa ya serikali, na huko mambo yalikuwa mengine kabisa.

Uingereza ilitunga sheria ya maskini mwaka 1834. Kwa sheria hiyo, asiye na njia ya kuishi aliingizwa katika kile walichokiita nyumba ya kazi, nayo ilifanywa kuwa chungu kwa makusudi, ili asije ila aliyekosa pengine pote. Walioitunga walikuwa wakiwawazia wavivu wenye nguvu. Walioijaza, kadiri miaka ilivyopita, walikuwa hasa wazee na wagonjwa, ambao ukali wa sheria usingeweza kuwageuza vijana tena. Mume alitenganishwa na mke mlangoni. Kando ya nyumba hizo zilijengwa hospitali za maskini, na mzee aliyeingia humo akalazwa mara nyingi hakuinuka.

Mwaka 1935 hospitali mojawapo ya namna hiyo, huko Isleworth magharibi mwa London, iliunganishwa na hospitali ya jirani, West Middlesex. Daktari Marjory Warren, aliyezaliwa mwaka 1897 na aliyekuwa na elimu ya upasuaji, akakabidhiwa wagonjwa wake 714 wa siku nyingi. Katika chumba kimoja walilala pamoja aliyepooza, aliyechanganyikiwa akili, aliyekuwa na moyo dhaifu, na yule ambaye hakuwa na ugonjwa wowote ila kukosa kwa kwenda. Wengi hawakuwa wamepimwa vizuri tangu kuingia. Waliitwa kwa jina moja, wagonjwa wa kudumu, na jina hilo lilitosha kufunga mazungumzo yote.

Alichofanya Warren ni jambo ambalo kila mganga hufundishwa siku za kwanza: aliwapima, mmoja mmoja. Kisha akawagawa kulingana na hali zao. Wanaoweza kuinuka na kutembea aliwaweka mbali na wasioweza; wasioweza kujizuia haja, mbali na wanaoweza; waliochanganyikiwa lakini watulivu, mbali na wale wanaohitaji ulinzi wa daima. Aliita wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo, wafundishaji wa kazi za mikono na watumishi wa jamii, wakae pamoja naye kumzungumzia mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Kuta zilipakwa rangi ya kung'aa. Taa ziliongezwa, kila mtu akapata kabati dogo karibu na kitanda chake, zikaja fimbo, vishikio vya ukutani, viti vya kuketi. Wapo walioweza kurudi kwa jamaa zao, na wengine wakahamia makao ya kawaida. Hatimaye vitanda 714 vikapungua hadi 240, na sehemu iliyobaki wazi ikatumika kwa wagonjwa wengine.

Hapa inafaa tueleze mwili, maana wengi wetu tunaamini kwamba kumheshimu mzee ni kumwambia apumzike. Misuli isiyotumika hunywea upesi sana, na ya mzee huchelewa kurudi. Maungo yasiyokunjuliwa hukaza, hata goti likabaki limekunjika. Damu inayotulia miguuni huganda, na bonge lake laweza kupanda hadi mapafuni. Ngozi inayobanwa kati ya mfupa na godoro hufa, kikafunguka kidonda kinachofika hadi ndani. Mifupa hupoteza nguvu, haja hufunga, akili husinzia kwa kuangalia dari moja kutwa. Mwaka 1947 daktari mwingine wa London, Richard Asher, aliandika makala iliyojulikana sana juu ya hatari za kulala kitandani. Kumbe sehemu ya udhaifu ambao watu waliuita uzee ilitengenezwa na kitanda chenyewe, na waliokitandika walikuwa watu wenye nia njema.

Warren hakusema kwamba wote watainuka. Wapo waliobaki kitandani hadi mwisho, nao aliwatakia uuguzi bora kuliko mtu mwingine yeyote. Madai yake yalikuwa kwamba hakuna ajuaye nani atainuka kabla ya kumpima na kumjaribu. Katika makala zake za mwaka 1943 na 1946 alidai pia kwamba wazee wawekwe ndani ya hospitali kuu, mahali wanafunzi wa uganga wanapopita, ili kijana anayejifunza asikue akidhani kwamba wazee ni kazi ya wengine. Waganga wakubwa wa siku zile waliiona kazi hiyo kuwa ya chini. Lakini mwaka 1947 waganga wachache walianzisha chama cha utunzaji wa wazee, na huduma ya afya ya taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, tiba ya wazee ikatambuliwa kuwa elimu yenye mabingwa wake. Warren alifariki mwaka 1960, baada ya ajali ya gari nchini Ufaransa.

Je, ushindi ulikuwa kamili? Hapana. Mwaka ule ule wa 1948 sheria nyingine ilifuta nyumba za kazi, na waziri Aneurin Bevan alitaka mzee aishi katika makao mapya kama mgeni aishivyo hotelini. Miaka kumi baadaye mtaalamu wa jamii Peter Townsend alizunguka nchi akitembelea makao 173, na mwaka 1962 akatoa kitabu. Majengo mengi yalikuwa yale yale ya zamani. Kilichobadilishwa ni kibao cha mlangoni. Hata palipokuwa na chakula cha kutosha na shuka safi, alikuta watu wameketi kwa mstari kando ya ukuta, bila kazi, bila rafiki, bila sanduku la kufungia vitu vyao wenyewe, na bila kuulizwa lolote kuhusu siku yao: saa ya kuamka, saa ya kuoga, nani alale kitanda cha jirani. Tunaona kwamba kitabu hicho kingemhuzunisha Jeanne Jugan kuliko umaskini wa Saint-Servan, ambako mikono ya wazee ilikuwa na sufu.

Vikundi vyetu vya vijana huenda kuwatembelea wazee wakati wa Noeli na Kwaresima, wakibeba sabuni, chumvi, sukari na nyimbo. Tusiache. Lakini safari ijayo twende pia na maswali, na tuyaulize kwanza kwa masista na wauguzi wa pale, wanaojua nani anaruhusiwa kufanya nini. Nani hajatoka nje tangu mvua zilizopita, na kwa sababu gani? Nani alikuwa fundi cherehani, mkulima, katekista, msuka vikapu, na ni nini kinachomzuia leo? Kitanda chake kina urefu gani: miguu yake yafika chini anapoketi ukingoni, au yaning'inia? Kutoka hapo hadi chooni kuna cha kushikilia?

Fimbo nayo ina kipimo chake. Mzee asimame amevaa viatu vyake, mikono imelegea, na mshikio ufike usawa wa kifundo cha mkono. Ikizidi hapo humsukuma bega; ikipungua humwinamisha. Mti uwe mkavu na mwepesi, na chini yake kipigiliwe kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, ili isiteleze kwenye saruji yenye maji.