Mayatima wa Poland Waliolelewa Chini ya Mlima Meru

Ndani ya eneo la chuo cha mifugo Tengeru, kilomita chache kutoka Arusha ukielekea Moshi, kuna makaburi yapatayo 150 yaliyozungushiwa ukuta. Majina yaliyochongwa pale si ya Kimeru, si ya Kichaga, wala si ya Kiingereza. Ni ya Kipolandi. Misalaba ya Kikatoliki ipo, ya Kiorthodoksi ipo, na nyota ya Daudi ipo. Waliolala hapo waliikimbia vita iliyoanzia maelfu ya kilomita kutoka Meru, na walioletwa pamoja nao walikuwa watoto wengi wasio na baba wala mama.

Septemba 1939 Ujerumani iliivamia Poland kutoka magharibi, na siku 16 baadaye Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia za mashariki ya Poland zilianza kutolewa majumbani usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia, Kazakhstan na misitu ya Arkhangelsk. Huko walikata magogo kwenye theluji kwa mgao mdogo wa mkate. Wazee na watoto wachanga ndio waliotangulia kufa.

Mlango ulifunguka Hitler alipomgeukia Stalin, Juni 1941. Moscow, sasa ikihitaji marafiki, ilikubali kuwaachia Wapolandi na kumruhusu Jenerali Władysław Anders aunde jeshi kutokana nao. Familia zilishuka kusini kwa maelfu kulifuata jeshi hilo, hadi Uzbekistan, na njiani homa iliyoenezwa na chawa na kuhara damu vikawamaliza wazazi wengi. Wako kina mama waliosikia kwamba jeshi linawatoa mayatima nje ya Urusi. Wakawakabidhi watoto wao kwenye vituo vya mayatima ilhali wao wenyewe wangali hai, wakijua huenda wasionane nao tena. Kwangu mimi, katika historia hii yote, hakuna jambo zito kuliko hilo.

Mwaka 1942 meli ziliwavusha Bahari ya Kaspi kutoka Krasnovodsk hadi bandari ya Pahlevi, Uajemi. Waliovuka, wanajeshi na raia, walizidi 110,000. Ufukweni walinyolewa vichwa na nguo zao zikachomwa moto kwa sababu ya chawa. Wakapewa chakula, wali na nyama ya kondoo yenye mafuta, na baadhi yao wakafa kwa kula, kwani matumbo yaliyozoea njaa hayakuweza kuustahimili mlo ule.

Uajemi haikuweza kuwabeba wote, na Ulaya ilikuwa inawaka. Jam Saheb, mtawala wa Nawanagar nchini India, aliwajengea mamia ya watoto makazi huko Balachadi, karibu na jumba lake. Mexico ilipokea kundi lake mwaka 1943. New Zealand iliwachukua watoto 733, wakashuka Wellington tarehe 1 Novemba 1944. Lakini Wapolandi wengi zaidi walishushwa Afrika: Masindi na Koja kule Uganda, makambi ya Rhodesia, na kwetu Tanganyika walipelekwa Ifunda, Kidugala, Kondoa, Morogoro na Tengeru.

Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote za Afrika, yenye watu karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikaa katika nyumba za msonge, kuta za udongo na paa za nyasi, zilizopangwa kwa safu chini ya mlima. Baada ya muda kila nyumba ikawa na bustani yake ya maua na mboga. Palikuwa na hospitali, kanisa, mashamba, kituo cha mayatima, na shule kuanzia msingi hadi sekondari na ufundi. Watoto waliopoteza miaka miwili mitatu bila kushika kitabu walianza upya kusoma kwa Kipolandi, wakajiunga na skauti, wakaugua malaria, wakapona. Baadhi ya baba zao waliokuwa hai walikuwa Italia na jeshi la Anders, na mwezi Mei 1944 wako waliouawa katika mapigano ya Monte Cassino. Mwaka huohuo vijana wa Tanganyika waliovalishwa sare za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa wakipigana Burma.

Ni haki kuuliza nani aliyetoa hifadhi hii. Uamuzi ulikuwa wa Waingereza, waliotawala Tanganyika. Hadi 1945 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika halikuwa na Mwafrika hata mmoja, kwa hiyo hapakuwa na Mmeru wa kuulizwa kuhusu ardhi ya Meru. Mwaka 1951 serikali hiyohiyo iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasilisha shauri lao Umoja wa Mataifa. Watoto wa Poland hawana kosa lolote katika hilo. Ila mkoloni asitukuzwe peke yake kwa ukarimu uliofanyika juu ya ardhi ya watu wengine.

Vita ilipokwisha, mayatima hawakuwa na pa kurudi. Mashariki ya Poland ilikuwa imeingizwa Urusi ya Kisovieti, na Warsaw ilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti iliyotaka watoto warudishwe. Padri Lucjan Królikowski, Mfransisko ambaye naye alikuwa ameonja uhamisho wa Kisovieti, alikataa. Mwaka 1949 aliondoka na watoto karibu 150 wa Tengeru, wakapanda meli Mombasa, wakapitia Italia na Ujerumani hadi Kanada. Serikali ya Poland ikadai mpaka Umoja wa Mataifa kwamba wametekwa nyara. Naona padri alitenda haki: watoto hao walikuwa wametolewa makwao kwa nguvu mara moja, na kuwarudisha chini ya kivuli cha Stalin kungekuwa mara ya pili. Alifariki 2019 akiwa na miaka 100.

Wapolandi wameandika kumbukumbu nyingi za Tengeru. Upande wetu tumeandika kidogo mno. Mtoto wa Kimeru aliyekuwa na miaka 10 kambi ilipojaa, leo yuko kwenye tisini. Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu Meru, Ifunda, Kidugala au Kondoa yupo babu au bibi aliyewaona watoto wale, kaa naye wiki hii, mrekodi kwa simu yako, kisha upeleke sauti hiyo kwenye makumbusho au chuo kikuu kilicho karibu nawe.