Oktoba 22, 1844: Siku Iliyopita Bila Bwana Kurudi

William Miller, mkulima Mbaptisti wa Low Hampton, jimbo la New York, aliipata tarehe ya kurudi kwa Kristo kwa hesabu. Danieli 8 inataja siku 2,300 ambazo baada yake patakatifu patatakaswa. Miller alichukua kila siku kuwa mwaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo na kufikia 1843 hivi. Kwa usomaji wake, patakatifu ni dunia, itakayotakaswa kwa moto. Alianza kuhubiri mwaka 1831. Joshua Himes wa Boston akaueneza ujumbe kwa magazeti, na makumi ya maelfu wakauamini. Muda aliotaja Miller ulipopita, mfuasi wake Samuel Snow aliirekebisha hesabu na kutaja siku moja: Oktoba 22, 1844.

Wapo wakulima walioacha mazao shambani na wenye maduka waliofunga biashara. Usiku wa manane ukapita, kukapambazuka, na waumini walikuwa bado wanalia. Majirani waliwazomea wakiuliza mbona hawajapaa.

Mambo mawili yasiyopatana yalibaki kifuani mwao: Maandiko hayasemi uongo, na lililosomwa humo halikutokea. Wengi walijitenga kimya. Miller alikiri kukosea wakati, akaendelea kungoja hadi kifo chake mwaka 1849. Wengine walitaja tarehe mpya, nazo zikapita. Fasiri iliyodumu ilimjia mwenzao Hiram Edson wa Port Gibson asubuhi ya Oktoba 23, akivuka shamba la mahindi: tarehe ni sahihi, ila patakatifu ni pa mbinguni, na huko Kristo ameanza kazi mpya. Hakuna jicho ambalo lingeweza kuikanusha. Tena iliwapa heshima watu waliopoteza mali na jina: hawakujinyima bure.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake waliwatoa wafuasi wa Miller kuwa mfano, wakisema kwamba aliyejitoa sana kwa imani, akiwa kati ya waumini wenzake, aweza kuihubiri kwa bidii zaidi baada ya kukanushwa na matukio. Historia hii inawaunga mkono nusu tu. Kundi lililoifuata fasiri ya Edson liliamini kwa miaka kadhaa kwamba mlango wa rehema umekwisha kufungwa, hivyo halikuwahubiria walio nje. Fundisho hilo lililegea mwanzoni mwa miaka ya 1850, na mwaka 1863 kundi hilo likaundwa rasmi kuwa Kanisa la Waadventista Wasabato huko Battle Creek, Michigan. Wamisionari wake walifika Upare mwaka 1903, na Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906.