Sura ya Rwagasore: Stempu, Noti na Picha za Majumbani

Katika picha zote za watu wa siasa zilizochapishwa Burundi tangu uhuru, hakuna iliyoenea kama ile ya Louis Rwagasore, mwana wa Mwami, yaani mfalme, Mwambutsa IV na kiongozi wa chama cha UPRONA, ambaye alipigwa risasi akafa mjini Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache baada ya chama chake kutwaa viti 58 kati ya 64 vya bunge. Anayekusanya picha hizo, awe mkazi wa Cibitoke, kaskazini mwa Bujumbura, au Mrundi anayeishi Ubelgiji, hugundua upesi kwamba zilizo nyingi hazikutoka kwa wachoraji wa mitaani bali katika mitambo iliyochapa kwa amri ya serikali, na kwa hiyo kila moja humweleza Rwagasore na papo hapo huwaeleza waliomhitaji.

Mwaka 1963 zilitolewa stempu za mchango, yaani stempu zenye bei mbili, moja ya posta na nyingine ya kuchangia jambo maalumu, na jambo lenyewe lilikuwa ujenzi wa uwanja wa michezo na mnara wa kumbukumbu yake, hivi kwamba aliyetuma barua alikuwa amechangia. Kaburi lake liko juu ya kilima cha Vugizo, likitazama mji. Uwanja nao siku hizi huitwa Intwari, na stempu imebaki shahidi wa jina la awali, la Rwagasore. Mwaka 1966 stempu nyingine zilimweka pamoja na John F. Kennedy, rais wa Marekani aliyeuawa 1963, kana kwamba taifa changa lilitaka msiba wake utambuliwe na ulimwengu mzima.

Noti zina mengi zaidi ya kusema. Benki ya Ufalme wa Burundi, iliyoundwa 1964, ilimweka Rwagasore katikati ya noti ya faranga 100, na Kapteni Michel Micombero alipoufuta ufalme tarehe 28 Novemba 1966, noti hizo ziliendelea kutumika baada ya kupigwa chapa ya ziada, yaani maandishi yanayochapwa juu ya chapa iliyokwisha kukauka. Juu ya jina la benki yalipigwa kwa wino mweusi maneno “De la République” kwa Kifaransa na “Ya Republika” kwa Kirundi, lakini sura haikuguswa, na mwana wa Mwami akabaki katikati ya fedha ya jamhuri iliyokiondoa kiti cha baba yake. Katika historia nzima ya nchi ni vigumu kupata karatasi ndogo inayobeba mambo makubwa kiasi hicho. Tangu 2004 noti ya faranga 10,000 inamwonyesha Rwagasore pamoja na Melchior Ndadaye, rais aliyechaguliwa na kuuawa mwaka uleule wa 1993, na kuwaweka bega kwa bega muganwa, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, na Mhutu aliyechaguliwa kwa kura kulikuwa tamko la kisiasa lililo wazi.

Upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, mambo yalikwenda vingine. Patrice Lumumba, mwandishi wa makala kabla ya kuwa waziri mkuu wa Kongo, aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na wachoraji wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, walimchora juu ya vitambaa vya magunia ya unga kwa ajili ya sebule za watu wa kawaida. Kwa kuwa mtafiti Johannes Fabian, aliyenunua mfululizo wa michoro ya Tshibumba mwaka 1973 na 1974, alinakili pia maelezo ya mchoraji kwa Kiswahili, mkusanyo ule una sauti ndani yake.

Sauti hiyo ndiyo inayokosekana katika stempu na noti za Rwagasore. Inaweza kupatikana katika picha za majumbani, ingawa vita vilivyofuata mauaji ya Ndadaye viliwahamisha watu wengi wa mitaa ya kaskazini, Cibitoke ikiwa mojawapo, na anayekimbia usiku hachukui albamu. Mwenye picha ya mkutano wa miaka ya Rwagasore asiibandike kwa gundi wala asiiuze kabla haijanakiliwa. Aandike nyuma yake, kwa kalamu ya risasi na bila kukandamiza, mahali ilipopigwa, mwaka, na majina ya waliosimama humo, maadamu wazee wanaowatambua wangali hai.