Masako: njia za miguu ndani ya mzunguko wa mto Tshopo

Kisangani haina ziwa. Ina mto Kongo, Lindi na Tshopo, na hifadhi ya msitu iliyo jirani na mji imezingirwa na maji ya Tshopo. Jina lake ni Masako. Mtu akifuata barabara ya zamani ya Buta, kilomita 14 hivi, anafika Batiabongena katika sekta ya Lubuya-Bera. Hapo anashuka kwenye toleka au pikipiki, na safari iliyobaki ni ya miguu.

Kwa sheria, Masako ni msitu wa akiba tangu mwaka 1953, enzi za Wabelgiji, mji ungali unaitwa Stanleyville. Eneo lake ni hektari 2.105. Karatasi ilisainiwa ofisini, lakini njia zilikuwapo tayari: za kwenda mashambani, za kukagua mitego, za kushuka mtoni kuvua samaki. Hakuna mpaka uliochorwa mwaka ule ulioweza kuzifuta. Jambo hilo inafaa likumbukwe kila mara wenyeji wanapoitwa wavamizi.

Aina ya pili ya njia ililetwa na masomo. Chuo kikuu kilifunguliwa Kisangani mwaka 1963, na kitivo chake cha sayansi kikaufanya Masako kuwa darasa la nje. Wanafunzi na vibarua walikata layoni, yaani njia nyembamba iliyonyooka, inayopimwa kwa dira na kufyekwa kwa panga, na kuwekewa vigingi. Kando yake walizika ndoo hadi mdomo uwe sawa na ardhi, ili panya wadogo na wanyama wengine wa chini watumbukie usiku na kuhesabiwa asubuhi. Anayetembea huko leo anaweza kupita, kwa siku moja, katika kichaka cha shamba lililolazwa, msitu uliorudi baada ya kulimwa, na msitu mkongwe wa miti ya limbali, ambao chini yake pana giza hata saa sita mchana. Ni vigumu kupata mahali pengine karibu na mji panapoonyesha hatua zote hizo kwa mwendo mfupi namna hiyo.

Yangambi, kilomita 100 hivi kwa kushuka mto Kongo, inajulikana zaidi. Huko ndiko INEAC, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa 1933, ilikofungua njia za utafiti za watu wake wa miti, kahawa na michikichi; na mwaka 1976 UNESCO ikaiandika Yangambi kati ya hifadhi zake za baiolojia. Lakini kwenda Yangambi ni safari ya mtumbwi wa moteri au ya barabara mbovu. Masako mtu anakwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Msitu wa karibu una historia nyingine, ambayo wazee wa Kisangani hawahitaji kusimuliwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na lile la Uganda walipigana ndani ya mji. Umoja wa Mataifa uliandika kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa, na watu 65.000 walikimbilia misitu ya jirani. Siku zile njia ya miguu haikuwa ya matembezi wala ya masomo. Aliyeijua aliongoza jamaa zake. Asiyeijua alifuata mgongo wa aliyetangulia. Familia zilizofika mjini tangu 2023, zikikimbia mapigano ya ukingo wa kushoto, Lubunga na Opala, zinaelewa jambo hilo bila maelezo.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mji umejaa, kila jiko linataka makala, na njia iliyofyekwa kwa ajili ya mwanafunzi inampitisha pia mwenye shoka. Baiskeli zenye magunia zinatoka upande uleule ambako vigingi vimesimama. Sehemu kubwa ya Masako sasa ni vichaka na mashamba. Limbali wakubwa wamebaki vipande vipande. Kumlaumu mama aliyepoteza shamba lake la nyumbani kwa sababu ananunua au anachoma makala ni rahisi, tena ni kukosea mlango. Mama huyo hakuchagua kuja. Kama serikali ya jimbo inataka hektari zile 2.105 zibaki msitu, ingeanza na ardhi ya kulima kwa waliohama na kuni za miti ya kupandwa, kabla ya kupeleka walinzi.

Kwa sasa njia ziko wazi. Anayetaka kuziona hupita kwanza kwa chifu wa kijiji, halafu huchukua kijana mwenyeji wa kuongoza, kwa kuwa layoni isiyofyekwa mwaka mmoja hufungwa na majani kabisa. Januari na Februari mvua hupungua na matope yanavumilika. Viatu vya mpira ni lazima miezi yote.